Gari la kliniki lina sola juu: je, ni gari la umeme?

Tangu gari la kliniki ya kuzunguka lirudi kutoka gereji Arua, kila tunaposimama tunaulizwa swali moja. Watoto wa Lobule, ambao wazazi wao walitoka Kongo, wanaliuliza hivi: "Hii mutuka inakula jua?" Wazee nao wanazunguka nyuma kuangalia kama bado lina bomba la moshi. Bomba lipo. Basi leo nimeomba nafasi hii nikueleze kilichofanyika na kwa nini kinakuhusu wewe unayekuja kliniki.

Gari letu ni Hiace ya dizeli ya miaka ya tisini, kuukuu kuliko mimi. Zamani tukifika mahali, dereva alikuwa anaacha injini inanguruma saa nne au tano ili tupate taa, darubini ya kupima malaria na kompyuta ya kuandikia wagonjwa. Injini ikisimama hivyo hula kati ya nusu lita na lita moja ya dizeli kila saa. Lakini mafuta hayakuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa moshi. Kivuli huwa ni kimoja, chini ya mwembe, na akina mama walikuwa wanakaa hapo hapo na watoto mgongoni, bomba likiwatazama. Walilalamika kuumwa kichwa na kukohoa, na sisi tulisema ni jua, ni njaa. Shirika la Afya Duniani, kupitia idara yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza mwaka 2012 kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani kwa binadamu.

Baadaye tukaletewa jenereta ndogo ya petroli, tukaiweka karibu na mlango wa gari kwa sababu ya mvua. Hapo ndipo tulipokosea vibaya zaidi. Siku moja mwenzangu aliyekuwa ndani akaanza kusikia kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea. Tukampima malaria kwa kipimo cha haraka: hana. Tulipomtoa nje kwenye upepo akapata nafuu kidogo kidogo. Ile ilikuwa hewa ya kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi, huwezi kuiona. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, na mtu aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Dalili zake zinafanana na za malaria, kwa hiyo watu wengi wanaihesabu kuwa homa ya kawaida. Ikiwa watu wawili au watatu wa nyumba moja wanaumwa kichwa wakati mmoja, na kuna jenereta au jiko la makaa ndani, toka nje wote kwanza na mwende kituo cha afya. Msingoje kipimo cha malaria ndipo mtoke.

Sasa gari. Kuna gari linaloitwa haibridi, yaani lenye injini ya mafuta na mota ya umeme, na katika mengi zote mbili zinaweza kuzungusha magurudumu. Toyota Prius lilianza kuuzwa Japani mwaka 1997. Hapa Uganda, mradi uliozaliwa Chuo Kikuu cha Makerere ulionyesha gari lake la haibridi, Kiira EV SMACK, mwaka 2014. Nairobi nako kampuni ya Opibus, iliyoanza mwaka 2017 na baadaye ikaitwa Roam, ilikuwa inatoa injini kwenye magari ya watalii na kuweka mota ya umeme peke yake. Kugeuza Hiace kuukuu kuwa haibridi kamili kunawezekana, lakini gharama yake ingezidi bei ya gari lenyewe. Tena betri za magari hayo zina volti mia kadhaa. Ukigusa vibaya unakufa, na fundi wa kawaida wa barabarani asizishike.

Sisi tumefanya jambo dogo. Barabarani gari linaendeshwa na dizeli kama zamani. Likisimama, linatumia jua.

Juu ya paa kuna sola mbili za wati 100 kila moja. Chini ya kiti kuna betri ya pili ya volti 12, ampea-saa 100, ya aina inayovumilia kutumiwa polepole kwa muda mrefu. Betri ya kuwashia gari haivumilii hivyo, inakufa upesi. Kati ya betri hizo mbili kuna swichi inayojiendesha: injini ikiwaka inaziunganisha, na altaneta inachaji zote; injini ikizimwa inazitenganisha, ili tusimalize betri ya kuwashia tukalala njiani.

Betri yetu ina wati-saa 1,200, lakini ya risasi hutakiwi kuitumia zaidi ya nusu, kwa hiyo tuna 600. Taa, darubini, kompyuta na kipaza sauti kwa siku nzima hula kama 450. Sola kwa siku ya jua zuri huleta kama 700, ukishatoa vumbi na joto. Wakati wa mvua huleta kidogo sana, na hapo tunategemea safari yenyewe: Arua hadi Koboko, kama kilomita 55, altaneta inachaji njia nzima.

Wengi mnadhani chanjo sasa zinakaa kwenye friji ya gari. Hapana. Chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na bado tunazibeba kwenye sanduku la baridi kutoka kituo cha afya. Kwa hiyo bado tunaondoka mapema, na wewe bado unatakiwa kuja mapema.

Jambo moja halikwenda vizuri. Fundi wa kwanza alitumia waya mwembamba, na akasahau fyuzi. Siku ya pili tukasikia harufu ya plastiki inaungua. Kama unafunga sola nyumbani, fyuzi ikae karibu kabisa na betri, na waya uwe mnene. Betri ikae mahali penye hewa, kwa sababu ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto. Tindikali ikikuingia jichoni, osha kwa maji safi mengi dakika zisizopungua 15, kisha uje kwetu.

Vijana wameniuliza kama betri ya zamani wanaweza kupewa. Hapana, imerudishwa kwa muuzaji. Najua wengine huzipasua kutoa risasi. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama. Pale Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda kilikuwa kinayeyusha betri kuukuu katikati ya makazi, watu na watoto wakapata sumu. Mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ukipasua betri uani, vumbi lile linabaki kwenye udongo ambao mtoto wako anauchezea.

La mwisho ni simu. Kila siku naombwa kuchaji, na kila siku nakataa, na mnanikasirikia. Tuna mashine ya kumpa oksijeni mtoto mwenye nimonia kali. Inakula kama wati 350, yaani inamaliza ile nusu ya betri kwa chini ya saa mbili. Tukimkimbiza hospitali injini inachaji njiani, lakini kabla ya kuondoka anategemea kilichomo kwenye betri.