ADA YA CHAMA NA ELIMU YA MFANYAKAZI

Wayahudi waliokimbia dhuluma na umaskini wa dola ya Urusi mwishoni mwa karne ya 19, wakahamia New York, wengi wao hawakuwa na mali. Walikuwa na mikono ya kushona nguo na lugha yao, Kiyidi, ambayo hata Wayahudi wengine waliosoma waliidharau.

Mwaka 1892 wafanyakazi wachache miongoni mwao walianzisha chama cha kusaidiana, Workmen's Circle, na mwaka 1900 kikawa cha Marekani nzima. Mwanachama alilipa ada. Akiugua alisaidiwa, akifa alizikwa kwa heshima. Lakini waliona kuwa kumwuguza mtu na kumzika hakutoshi. Yampasa ajue haki yake angali hai. Basi kukawa na mihadhara, vitabu na kwaya, na baadaye shule ambazo watoto walikwenda alasiri, wakiisha kutoka shule za serikali. Humo hawakufundishwa sala, bali Kiyidi, historia ya watu wao, na heshima ya kazi.

Yuko atakayeuliza: lugha yamfaa nini mwenye njaa? Na atazame Novemba 1909. Katika mkutano wa washona nguo mjini New York, wakubwa walihutubia kwa muda mrefu pasipo kukata shauri. Akasimama msichana mshonaji, Clara Lemlich, akasema kwa Kiyidi kwamba maneno yametosha, na wagome. Wakagoma zaidi ya 20,000. Lau angalisema kwa Kiingereza, ni wangapi wangalimfahamu?

Kiwanda cha Triangle kilikataa kutambua chama chao. Tarehe 25 Machi 1911 kikashika moto, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana wa Kiyahudi na Kiitalia. Ndipo jimbo likatunga sheria za kuwalinda wafanyakazi viwandani.

Katika vita vya pili Wanazi waliua Wayahudi milioni sita, wengi wao wasemaji wa Kiyidi. Na huko Marekani watoto walihamia Kiingereza, shule zikapungua. Hata hivyo chama kingalipo, sasa kwa jina la Workers Circle, nacho chafundisha Kiyidi na kutetea haki za wahamiaji na za wapiga kura.

Wazee walinena: Mwacha asili ni mtumwa. Basi, ndugu mfanyakazi, jiulize: ada yako ya kila mwezi yanunua sanda tu, au yanunua na kitabu?