Taa ya Jua Ikikataa Kuwaka

Mfereji ukikauka shambani, hakuna Mmeru anayeshika jembe na kuipiga migomba yake. Huufuata mfereji kuelekea juu, akitazama: hapa tawi limeanguka, pale jirani amegeuza maji, kule ukingo umebomoka. Mwisho huiona sababu, huiondoa, na maji huja. Basi leo twataka kusema nanyi, akina baba na akina mama, juu ya mfereji mwingine ulioingia nyumbani mwetu, yaani umeme wa jua.

Katika miaka ya 2010 taa hizi zilienea sana. Mjini Arusha zilifanya kazi kampuni kama Off Grid Electric na Mobisol, zilizowakopesha watu paneli, betri na taa, nao wakalipa kidogo kidogo kwa simu. Koroboi na moshi wake vikasahauliwa. Lakini jioni moja taa inakataa. Mtoto ana mtihani kesho. Mama anabonyeza swichi mara kumi. Baba anasema, "Mama watoto, hiyo imekufa. Kesho naipeleka kwa fundi." Fundi wa njiani anafungua sanduku, anakata waya huu, anaunga ule, anapokea fedha yake. Usiku ule taa inawaka. Lakini baada ya muda si mrefu betri inakufa kweli, na koroboi linarudi mezani. Je, kosa lilikuwa wapi?

Yafaa tujue kwamba ndani ya mtambo mna kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita kontrola. Kazi yake ni ulinzi. Betri ya asidi ya volti 12, ikijaa na kupumzika, hupimwa karibu volti 12.7. Ikishuka mpaka karibu 11, kontrola huukata umeme kwa makusudi, kwa maana betri ya namna hiyo ikikamuliwa mno mara kwa mara huharibika upesi. Kwa hiyo taa iliyozimika mara nyingi haijafa, bali betri inalindwa isife. Fundi aliyeunga taa moja kwa moja na betri amemfukuza mlinzi.

Basi, kabla ya kutoa hata shilingi moja, ufuateni mfereji hatua kwa hatua.

Kwanza, jua. Mwezi wa Juni mpaka Agosti mawingu na ukungu huweza kukaa siku nyingi juu ya Akheri na Nkoaranga. Betri imekosa chakula. Zimeni kila kitu, hata redio, wala msichaji simu, mkaiache ishibe siku mbili tatu.

Pili, paneli. Upande wa Ngarenanyuki adui ni vumbi. Penye migomba adui ni kivuli. Vipande vya paneli vimeungwa kimoja baada ya kingine, hivyo jani moja likifunika kimoja laweza kuupunguza umeme wa vyote. Pangusa asubuhi kwa maji safi na kitambaa laini. Nasi kwa kuwa tuko karibu digrii 3 kusini mwa Ikweta, paneli iiname kidogo kuelekea kaskazini, ili mvua ioshe uchafu.

Tatu, nyaya. Panya hutafuna, watoto huvuta. Zima mtambo, chomoa paneli, tazama kama kuna kutu, ukaipanguse kwa kitambaa kikavu. Rudisha kila waya mahali pake.

Nne, malipo. Mtambo wa mkopo hujifunga siku zikiisha. Tazameni simu kwanza; huenda ugonjwa wote ni deni.

Tano, taa yenyewe. Chukua taa ya jikoni inayowaka, uichomeke mahali pa ile iliyogoma. Ikiwaka, ile ya kwanza ndiyo mbovu. Isipowaka, rudi juu ya mfereji.

Njia hii haifai kwa taa peke yake. Huko mijini wako wenye mashine inayofagia sakafu yenyewe, kama ile Roomba iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2002. Nayo ikigoma kuwaka, maswali ni yale yale: Je, imepata chaji? Je, vyuma vyake vya kuchajia ni safi? Je, swichi imewashwa?

Jambo moja msilifanye kamwe: msifungue betri. Asidi huunguza macho, na betri ya lithiamu ikitobolewa huweza kushika moto. Tena, mtambo ukifunguliwa ovyo, dhamana yaweza kupotea.

Mkishindwa hatua zote tano, nendeni kwa aliyewauzia, mkiwa na risiti na namba ya mtambo. Zitunzeni karatasi hizo, maana kampuni nazo hubadilika: Mobisol ilifilisika mwaka 2019, ikachukuliwa na Engie. Mwenye karatasi anajua pa kuulizia. Asiye nayo huzunguka mjini siku nzima.

Tena mwiteni yule mtoto wa mtihani, mkague pamoja naye. Akiisha kujifunza mara moja, siku nyingine taa ikizimika hatalia gizani. Atatoka nje mwenyewe kutazama jani gani limeanguka juu ya paneli.