Kuchora Mpaka wa Ardhi Oevu

Bonde la Kilombero, Tanzania, liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Lakini mpaka wa ardhi hiyo uko wapi? Wakati wa masika maji hutanda mbugani. Wakati wa kiangazi hupungua. Basi ukingo wa maji wa siku moja si mpaka.

Setilaiti za Landsat, zilizoanza kurushwa mwaka 1972, hupiga picha za eneo kubwa, ila mawingu ya masika huzikinga. Rada hupenya mawingu na kuonyesha mafuriko. Hata hivyo, ushahidi mwingine umo ardhini. Udongo uliokaa majini kwa muda mrefu hukosa hewa, ukawa wa kijivu. Hewa inapopenya, chuma huacha mabaka ya kutu. Alama hizo huonekana hata kiangazi, nayo mimea kama mafunjo huongeza ushahidi.

Kwa ramani ya bonde zima, picha za misimu mbalimbali hufaa. Kwa mpaka unaopita kando ya shamba, hapana budi kuchimba na kuchunguza udongo, kwani mstari uliokosewa waweza kumnyima mkulima shamba lake, au kuiacha ardhi oevu bila ulinzi.