Video ya Mafunzo: Fundi wa Kamera au Simu Yako?

Mji wa Kahama hauna uhaba wa wapiga video. Msimu wa harusi na sendofu ukifika, droni huzunguka juu ya kumbi. Kikundi cha wachimbaji wadogo kikitaka video ya kufundisha wanachama kuchoma dhahabu iliyonaswa kwa zebaki bila kuvuta mvuke wake, humwendea fundi yuleyule, na mara nyingi hapo ndipo fedha hupotea.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata, wa kimataifa kuhusu zebaki, mwaka 2020, na mkataba huo unataka uchomaji wa zebaki mahali pa wazi ukomeshwe. Njia mojawapo ni retoti, kifaa cha kunasa mvuke. Zebaki huchemka kwenye nyuzi joto 357 za Selsiasi. Mvuke wake hauonekani wala haunuki. Mpiga video wa harusi atakimbilia moto na dhahabu inayong'aa. Mkufunzi anatafuta vidole vinavyokaza kifuniko, kisha ncha ya bomba karibu na maji ya kupozea. Ncha ikizama, retoti inapopoa huyavuta maji hadi kwenye chombo cha moto, nacho kinaweza kupasuka. Kipande hicho cha sekunde chache hakina urembo wowote, ila ndicho somo lenyewe, na anayejua kukipiga ni mkufunzi, hata kwa simu. Sijaona droni iliyomfundisha mtu kukaza bolti.

Mwaka 2014 mtafiti Philip Guo na wenzake walichambua utazamaji mara milioni 6.9 wa video za masomo za jukwaa la mtandaoni la edX, Marekani. Zilizowashika watazamaji ni zile fupi, za chini ya dakika sita, na mwalimu aliyerekodiwa kikawaida mezani kwake aliweza kumshinda yule wa studio ya gharama. Hao hawakuwa wachimbaji, najua. Lakini anayetazama kwa bando la kujinunulia ana haraka zaidi yao.

Penye kustahili kulipia ni sauti. Karasha la kusaga mawe likinguruma, maelezo yote yanapotea, na hakuna simu itakayoyaokoa. Piga picha mwaloni, pale dhahabu inapochenjuliwa, maelezo uyarekodi baadaye chumbani, madirisha yamefungwa na godoro limeegemezwa ukutani, kisha mlipe mhariri aviunganishe. Faida nyingine: ukitaka toleo la Kisukuma, unabadilisha sauti tu.

Mgodi mkubwa kama Bulyanhulu una hesabu nyingine. Video ya usalama kwa kila anayeingia itatumika miaka, na kosa lake linaweza kufika mahakamani; huko waajiriwe wataalamu, mwongozo ukiandikwa na ofisa usalama.

Wewe mwenye kikundi, kabla hujamlipa mhariri, mwonyeshe video mchimbaji asiyewahi kushika retoti, kisha mpe retoti tupu, bila moto wala zebaki. Kaa kimya umtazame. Akikwama, rudia kupiga kipande hicho.