Mwizi Akishakamatwa

"Mwizi! Mwizi!" Kelele hizo zikisikika usiku, kila mwanamume hutoka na alichonacho: rungu, panga, au upinde. Je, ni dhambi? Je, ni kosa mbele ya sheria? Wengi hulijibu swali hili kwa hasira. Yafaa tulitazame kwa akili, maana roho ya mtu imo ndani yake.

Kujilinda ni haki. Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu akizuia shambulio kwa nguvu ya kadiri hana hatia, hata kama mshambuliaji atakufa. Bali akizidisha nguvu kupita haja, amekosa. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, tangu ilipobadilishwa mwaka 1980, yasema karibu vivyo hivyo. Mtu ana haki ya kujilinda nafsi yake, mwenzake na mali. Lakini akiua kwa kuzidisha nguvu, ana kosa la kuua bila kukusudia, naye aweza kufungwa hata maisha.

Na mwizi aliyekwisha kufungwa kamba? Ampigaye huyo hadi kufa hajilindi tena. Anaua.

Torati ya Musa yaonyesha mpaka huu wazi (Kutoka 22). Mwizi akivunja nyumba usiku, akapigwa akafa, aliyempiga hana hatia ya damu. Jua likiwa limechomoza, anayo. Usiku mwenye nyumba hajui kama mgeni wake amekuja kuiba au kuua. Mchana anamwona, na majirani wapo. Mwizi ni yule yule. Kilichopungua ni hatari.

SUNGUSUNGU

Tuchukue mfano wa Usukuma na Unyamwezi. Baada ya vita vya Uganda vya mwaka 1978 na 1979, bunduki zilienea mikononi mwa wahalifu, na ng'ombe wakaporwa. Polisi walikuwa wachache tena mbali. Basi mwaka 1981 na 1982, upande wa Kahama na Shinyanga, wanavijiji walijipanga wenyewe, wakaitwa Sungusungu, kama wale chungu weusi waumao. Silaha yao ilikuwa pinde na mishale ya sumu. Yowe likipigwa, kijiji kilipokea kwa kijiji, na asiyetoka alitozwa faini. Wizi ukapungua. Hiyo ni sifa yao, nao waistahili. Mwaka 1989 sheria ikawapa uwezo wa kukamata.

Lakini kukamata si kuhukumu. Palipotokea watu kupigwa ili wakiri, na wanawake wazee kufukuzwa kwa kushukiwa uchawi, ulinzi uligeuka kuwa hukumu isiyo na utetezi. Haki za binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984 zakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Nikodemo naye aliwauliza Mafarisayo kama sheria yao humhukumu mtu kabla ya kumsikia.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mahakama nayo ina deni. Mwizi wa kuku akipigwa mawe barabarani, na mwizi wa kalamu akipata dhamana na wakili, nani atawaambia vijana waamini sheria? Askari amwachiaye mwizi kwa rushwa, na hakimu auzaye hukumu, ndio wanaowapa watu mawe mikononi.

Hata sisi raia tuna sehemu yetu. Kesi hufa kwa sababu mashahidi hawakuja. Yule aliyepiga kelele kuliko wote usiku ule, siku ya kesi yuko shambani!

Basi, ndugu wasomaji, mkimkamata mwizi, mfungeni, msimpige. Mpelekeni kwa mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi pamoja na mali mliyomkuta nayo. Andikeni majina ya walioona. Siku ya kesi ikifika, nendeni mkaseme kweli. Na kelele zikianza tena usiku, mzee mmoja mwenye busara na asimame kati ya mwizi na mawe. Huenda aliyekamatwa si mwizi kamwe, bali mpita njia, mtoto wa mtu.