Maua ya Mabati na Ngozi ya Silikoni

Sogeeni motoni, wajukuu. Baridi ya Endarasha mwezi wa Julai haina adabu, na yule anayekaa mlangoni atalala anatetemeka.

Nani kati yenu amewahi kulitazama vizuri bati la zizi, lile la zamani lisilopakwa rangi? Lina maua ya rangi ya fedha. Moja linang'aa, jirani yake limefifia. Si mapambo hayo. Kiwandani bati hutumbukizwa katika zinki iliyoyeyuka, joto la nyuzi 450 hivi. Likitolewa, zinki huganda juu yake ikawa utando mwembamba, na kila ua ni fuwele moja ambayo atomu zake zimejipanga safu kwa safu. Fuwele ya pili imeelekea upande mwingine, ndiyo maana inaurudisha mwanga kivyake.

Ua mnaliona. Atomu hamzioni, hata mkiwa na hadubini kali ya mwanga, kwa sababu wimbi la mwanga ni refu kuliko atomu mara elfu mbili au zaidi.

Lakini safu zake zinaweza kujulikana kwa njia nyingine. Basi palikuwa na bwana mmoja huko New York, Clinton Davisson, na mwenzake Lester Germer. Walikuwa wakilipiga bamba la nikeli kwa elektroni ndani ya chupa isiyo na hewa. Mwaka 1925 chombo cha hewa iliyogeuzwa kimiminika kililipuka, chupa ikapasuka, nikeli iliyokuwa ya moto ikapata kutu. Wakaichoma muda mrefu ili kuisafisha. Waliporudia jaribio, elektroni zikaanza kuruka kwa wingi kuelekea pande fulani tu! Ule moto ulikuwa umeziunganisha fuwele ndogo ndogo za nikeli zikawa chache, kubwa. Kufikia 1927 walijua maana yake: elektroni, ambayo watu waliihesabu kuwa punje, hutawanyika kama wimbi. Mwaka huohuo George Thomson aliona jambo hilo kule Aberdeen, kwa kupitisha elektroni katika utando mwembamba. Davisson na Thomson waligawana Nobeli ya 1937. Na mnajua nini? Baba yake Thomson ndiye aliyepata Nobeli ya 1906 baada ya kuigundua elektroni kama punje. Sijui walikuwa wakiongea nini mezani.

Siku hizi, ili kuujua mpangilio wa atomu za juu, elektroni hurushwa zikiwa zimelala, karibu sambamba na uso wa kitu. Mmeona taa ya pikipiki usiku kwenye murram? Inamulika chinichini, na kila kijiwe kinajitokeza. Elektroni nazo huambaa hivyohivyo, zikagusa tabaka la juu tu, kisha zikachora madoa ya mwanga kwenye kioo. Ukiwa unapanda utando mpya, atomu zikianza kutua uso unakuwa na mikwaruzo na doa linafifia. Tabaka likijaa, uso unalainika na doa linang'aa tena. Mwanasayansi anakaa akihesabu: limefifia, limeng'aa, tabaka moja. Limefifia, limeng'aa, la pili.

Lakini kilichonishangaza mimi ni silikoni, hiyohiyo ya sola zenu. Mwaka 1959 Schlier na Farnsworth waliona kwamba ngozi yake haifuati mpangilio wa ndani. Ruwaza yake hujirudia kila baada ya hatua saba, kwa urefu na kwa upana. Ilichukua hadi 1985 ndipo Kunio Takayanagi na wenzake huko Japani wakaeleza kila atomu imekaa wapi, kwa kutumia elektroni zilezile.

Sasa ipashe moto. Ikifika nyuzi 830 hivi, madoa ya ule mpangilio wa saba yanatoweka. Silikoni yenyewe haijayeyuka, maana huyeyuka kwenye 1,414. Ngozi tu ndiyo imevunja safu, huku ndani kukiwa kumetulia tuli. Ipoze polepole, na ule mpangilio unarudi. Haurudi kila mahali kwa mpigo: uso wa silikoni una vidaraja vya kimo cha atomu, na safu mpya huanzia ukingoni, upande wa juu wa kila kidaraja, kisha zikaenea kuelekea ndani.