Kisu kidogo jikoni: Rafiki wa mama, mtego kwa mtoto

INGIA jiko lolote, liwe la gesi mjini au la mafiga kijijini, hutakosa kukikuta. Kisu kidogo, makali yake marefu kama kidole cha kati au kuzidi kidogo, mpini wa plastiki au wa mti uliozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Visu vikubwa vya seti vimelala kwenye boksi vikisubiri wageni, lakini hiki hakipumziki tangu alfajiri.

Ndicho kinachomenya viazi na mihogo, kinachokata vitunguu, kinachopara samaki na kufungua pakiti ya maziwa. Kikipotea, nyumba nzima inahojiwa.

Mimi nina alama yake kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kushoto. Nilikuwa na miaka tisa, nikimenya mhogo kwa kisu kilichokwisha makali. Nilikikandamiza kwa nguvu, kikateleza. Bibi, kwa upendo wote, alinimwagia mafuta ya taa kwenye kidonda. Nilipona, ila leo ninapoandika habari za afya najua tulikosea mara mbili: kwenye kisu na kwenye tiba.

Kwa nini kinapendwa?

Sababu ya kwanza ni udogo wake. Wengi wetu hatukatii mboga kwenye ubao, tunakatia mkononi. Mchicha unashikwa fungu, kitunguu kinalala kiganjani. Kazi hiyo inataka kisu kifupi, ambacho ncha yake haiko mbali na vidole, kwa hiyo unajua kila wakati makali yako wapi.

Ya pili ni kwamba hakikunjwi. Kisu cha kukunja kinabebeka mfukoni, lakini kwenye bawaba yake hujificha mabaki ya chakula na uchafu ambao sabuni haifiki kwa urahisi. Tena kikiwa kimelegea kinaweza kujifunga ghafla juu ya vidole. Kisu kilichonyooka, kama chuma chake kimeingia vizuri ndani ya mpini, unakiosha mara moja kikatakata.

Angalia mpini wenyewe. Ukicheza au ukipasuka, badilisha kisu. Mpira wa tyubu unazuia utelezi, lakini chini yake maji na damu ya nyama huingia na kukaa.

Butu ndicho hatari

Wazazi wengi hukiacha kisu kiwe butu wakiamini watoto watakuwa salama. Ni kinyume chake. Kisu butu kinadai nguvu, na nguvu hiyo kikiteleza inaishia kwenye kidole. Kisu kikali kinapita taratibu pale unapokielekeza. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Tuongeze kwamba ndiye pia anayebaki na vidole vyake.

Jiwe la kunolea halina gharama kubwa. Nao mafundi wa kunoa wanaopita mitaani wanajulikana.

Mambo mengine ni ya mazoea tu. Usikiache kisu ndani ya beseni la vyombo lenye povu, kwa sababu anayefuata kuingiza mkono hakioni. Kikidondoka, usikidake, ruka pembeni. Ukimaliza kukata kuku mbichi, kioshe kwa sabuni kabla hakijagusa kachumbari, maana nyama mbichi ya kuku inaweza kubeba vijidudu vya kuharisha. Na kisu cha jikoni kisikate kucha wala sugu za miguu.

Mtoto aanze lini?

Tuna msemo kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Kwa kisu, mimi naona tumfundishe kabla hajalia. Mtoto asiyefundishwa ataiga siku ambayo hakuna mtu mzima nyumbani.

Hakuna umri mmoja unaowafaa watoto wote. Angalia kama anatulia, anasikiliza na mikono yake ina nguvu ya kushika. Aanze na kisu cha kupakia siagi kwenye ndizi mbivu au parachichi. Akizoea, apewe kisu kidogo akate tango au nyanya juu ya ubao, ameketi, wewe ukiwa pembeni. Mfundishe kukunja ncha za vidole vya mkono unaoshika chakula, zisitangulie mbele ya makali. Mihogo na maboga yasubiri.

Mfundishe pia kutotembea na kisu bila sababu, na kumpa mwenzake kwa kutanguliza mpini. Kwa wadogo kabisa dawa ni moja: kisu kikae juu, wasikokufika.

Kwenye mkoba wa shule kisiwemo, hata kwa kumenyea chungwa. Wembe wa kuchongea penseli nao uachwe nyumbani, mnunulie kichongeo.

Akijikata

Kaa mtulivu, maana mtoto anasoma uso wako. Kama damu inatoka kwa wingi, chukua kitambaa safi ubonyeze kidonda kwa nguvu kwa dakika 10 mfululizo, mkono ukiwa umeinuliwa. Usifunuefunue kuchungulia, utaivuruga damu inayoanza kuganda.

Damu ikikata, osha kidonda kwa maji safi yanayotiririka na sabuni, kisha kifunge. Mafuta ya taa, majivu, kahawa na dawa ya meno visiguse kidonda. Huunguza nyama au huingiza uchafu.

Nenda kituo cha afya bila kuchelewa kama damu haikati, kidonda kimeachama, kidole kimekufa ganzi au hakikunjiki. Kidole kisichokunjika huenda kano yake imekatika, na hiyo haijiungi yenyewe.

Uliza pia kuhusu pepopunda. Wengi hudhani inaletwa na kutu. Ukweli ni kwamba vijidudu vyake huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, na kisu kinachong'aa kilichochimbia mizizi shambani kinaweza kuvibeba. Watoto hupata chanjo yake wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo hupungua, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri dozi za kuongeza nguvu baadaye utotoni. Nenda na kadi ya kliniki, mhudumu aone kama mtoto anahitaji sindano.

Jioni ya leo, kabla hujaanza kupika, kichukue kisu chako. Tikisa mpini, pima makali kwenye nyanya. Kisha mwite mtoto aliyefikia umri wa kuelewa, umwonyeshe mpini uko wapi na makali yako wapi. Asingoje kufundishwa na kidonda.